Manukato ya ngozi: karafuu ya shilingi 15 ndani ya chupa ya bei mbaya

KATIKA biashara ya manukato kuna aina moja ya chupa za kike ambayo haimwendei kila mteja. Anayeinusa kwa mara ya kwanza huweza kurudisha kichwa nyuma. Hakutani na asumini wala waridi mlangoni. Anakutana na uchungu wa ganda la limau, majani makavu, moshi, kisha kitu kinachofanana na mkoba mpya wa ngozi. Harufu ikishatulia mkononi kwa nusu saa, ndipo mwenye kuipenda huipenda kwelikweli. Watengenezaji wa manukato huiita shipri ya ngozi.

Kwa mfanyabiashara wa Mji Mkongwe aina hiyo ina mvuto wa pili. Chupa nyingi za namna hiyo zina harufu ya karafuu ndani yake, na karafuu ndiyo iliyoijenga Zanzibar. Ndiyo maana wazo hili huzuka mara kwa mara: mwenye mtaji mdogo anunue mtambo, akeneke mafuta ya karafuu na kuyauza kwa watengenezaji wa manukato wa Ulaya. Wazo hilo si la kipuuzi. Hata hivyo, lina hesabu yake, na hesabu hiyo inafaa ifanywe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

SHIPRI NI KITU GANI

Neno hili ni la Kifaransa na ndilo jina la kisiwa cha Kipro. Lilipata umaarufu mwaka 1917, pale mfanyabiashara wa Kifaransa François Coty alipotoa manukato aliyoyaita Chypre. Yalikuwa na muundo ulioigwa na wengi hata likawa jina la ukoo mzima wa manukato.

Muundo wenyewe ni kama nyumba ya ghorofa tatu. Juu kuna bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Harufu yake ni kali na huondoka mapema. Katikati yamo maua, hasa waridi na asumini. Chini, mahali pa kudumu, kuna labdani, ambayo ni utomvu wa kichaka cha nchi za Mediterania. Pachuli, ambayo kwa wingi hutoka Indonesia. Na kuvumwani ya mwaloni, kiotea cha kijivu kinachokwanguliwa kwenye magome ya miti huko Balkani na Ufaransa. Kuvumwani ndiyo inayoipa shipri harufu ya msitu uliolowa mvua.

Kutoka Unguja hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo vinne vikuu kinachopelekwa nje kwa kiasi cha kuhesabika. Hilo ni jambo la kwanza la kuzingatiwa na mwekezaji. Karafuu haimo katika msingi wa shipri. Huingia kama kiungo katika mchuzi: ikikosekana inajulikana, lakini mchuzi haupikwi kwa karafuu tupu.

NGOZI ILIVYOINGIA KWA WANAWAKE

Ngozi na manukato ni jamaa wa siku nyingi. Mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, ulijulikana kwanza kwa watengeneza ngozi na glovu. Ngozi mbichi hunuka, hivyo glovu zilitiwa manukato, na baada ya muda manukato yakawa biashara kubwa kuliko glovu.

Ngozi yenyewe haikenekwi. Harufu yake hutengenezwa kwa kuchanganya vitu vingine: lami ya gome la mti wa bechi wa Ulaya ya Kaskazini, utomvu wa mti wa sitiraksi, kastoriamu itokayo kwa mnyama aitwaye biva, na kemikali ya maabara iitwayo isobutili kwinolini, yenye harufu kavu na chungu.

Mwaka 1919 nyumba ya Caron ya Paris ilitoa Tabac Blond, manukato ya ngozi na tumbaku yaliyolengwa kwa wanawake wakati ambapo mwanamke kuvuta sigara hadharani lilikuwa jambo la kuzungumzwa. Mwaka 1944, Germaine Cellier, mmoja wa wanawake wachache wa wakati huo waliokuwa na kazi ya kutunga manukato, alitunga Bandit kwa ajili ya nyumba ya Robert Piguet. Huyu aliitumia isobutili kwinolini bila woga, na chupa yake hadi leo ndiyo hutajwa kwanza panapozungumzwa shipri ya ngozi ya kike. Mwaka 1959 ikafuata Cabochard ya nyumba ya Grès, iliyotungwa na Bernard Chant. Jina hilo kwa Kifaransa lina maana ya mtu mkaidi, na lilichaguliwa kwa makusudi.

Karafuu iliingia humo kwa njia ya ua. Manukato mengi ya zama hizo yalihitaji harufu ya ua la kaneisheni, ambalo halitoi mafuta ya kutosha kwa bei ya maana. Watungaji walilijenga ua hilo kwa eugenoli, kemikali ambayo ni kiini cha harufu ya karafuu, na ndugu yake isoeugenoli inayotengenezwa kutokana nayo. Tabac Blond ina kaneisheni hiyo. Zaidi ya hapo, eugenoli ina ukali na kiza kinachokubaliana na moshi na ngozi. Katika miaka ile Zanzibar na Pemba ndizo zilizokuwa zikitoa sehemu kubwa ya karafuu ya dunia.

HESABU YA CHUPA MOJA

Sasa ifuatwe hesabu. Ichukuliwe chupa ya mililita 50, ambamo manukato halisi ni asilimia 15 na iliyobaki ni spiriti na maji. Manukato halisi humo ni mililita 7.5. Ikiwa mafuta ya karafuu ni asilimia 2 ya manukato hayo, kiasi ambacho kwa manukato si kidogo, basi karafuu iliyomo ni mililita 0.15. Hayo ni matone matatu hivi.

Kilo moja ya mafuta ya karafuu ni karibu mililita 950, kwa kuwa mafuta haya ni mazito kuliko maji. Gawanya kwa 0.15: kilo moja inatosha chupa zaidi ya 6,300.

Upande wa shamba, karafuu kavu nzuri hutoa mafuta ya kiasi cha asilimia 15 ya uzito wake, ikikenekwa vizuri. Gunia mbili zenye jumla ya kilo 100 zitatoa kilo 15. Kwa bei ya Sh 14,000 kwa kilo, ambayo Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) lililipa kwa karafuu ya daraja la kwanza kwa miaka kadhaa ya muongo wa 2010, kilo 100 ni Sh 1,400,000. Kwa hiyo kilo moja ya mafuta imebeba karafuu ya Sh 93,000 na ushei, kabla ya kuni, maji, mtambo na mshahara.

Gawa Sh 93,000 kwa chupa 6,300. Jibu ni karibu Sh 15 kwa chupa.

Chupa hiyo ikiuzwa dola 100, na dola moja ikihesabiwa kwa Sh 2,500, mnunuzi ametoa Sh 250,000. Karafuu imepata Sh 15. Zilizobaki zimekwenda kwa mtungaji, jina la nyumba, kioo, matangazo, wasafirishaji na mwenye duka. Hata bei ya karafuu ikipanda mara mbili, mwenye chupa hataona tofauti. Na ikishuka nusu, hatapunguza bei.

KWA NINI BEI YA MAFUTA HAIPANDI

Mtu anaweza kusema kwamba kama mwenye chupa haoni tofauti, basi Zanzibar na iuze mafuta ghali zaidi. Tatizo ni kwamba si Zanzibar pekee inayouza.

Mafuta ya mkarafuu ni ya aina tatu. Yapo ya karafuu yenyewe, ambayo ndiyo yenye harufu nzuri na bei kubwa. Yapo ya makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Makonyo hutoa mafuta ya kiasi cha asilimia 5 hadi 7, yenye eugenoli nyingi. Tatu ni ya majani, ambayo hutoa asilimia 2 au 3 tu, lakini majani yapo mwaka mzima na hayana bei. Madagascar na Indonesia hutoa mafuta ya majani kwa wingi. Kiwanda kinachotaka eugenoli tu, kwa ajili ya sabuni, dawa za meno au ladha, hakina sababu ya kununua mafuta ya karafuu yenyewe.

Mfanyabiashara akumbuke pia yaliyotokea huko nyuma. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu ya Zanzibar kwa ajili ya sigara zake za kretek. Ilipopanda mikarafuu yake na kujitosheleza, bei ya dunia iliporomoka, kutoka maelfu ya dola kwa tani mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi chini ya dola 1,000 katikati ya miaka ya 1990. Wakulima wengi waliacha mashamba yakaota magugu. Hilo ndilo fundisho la kumtegemea mnunuzi mmoja aliye mbali.

Kuna jambo la kisheria pia. Karafuu ya Zanzibar si bidhaa ya kununuliwa barazani. Tangu kuundwa kwake mwaka 1968, ZSTC ndilo lililobeba ununuzi wa karafuu kutoka kwa wakulima, na sheria ya karafuu ya mwaka 2014 iliendelea kuilinda biashara hiyo. Anayekusanya karafuu kwa njia za panya ajue kwamba hilo ni magendo, na mtaji wake unaweza kuishia mikononi mwa dola pamoja na chombo kilichoubeba. Anayetaka kukeneka, hatua ya kwanza ni ofisini kwa ZSTC, si kwa fundi wa mitambo.

Aidha, Unguja yenyewe ina karafuu chache. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, na tokea hapo Pemba ndiyo imekuwa ghala. Kiwanda cha mafuta ya makonyo cha ZSTC kiko Pemba, Chake Chake. Mfanyabiashara wa Mji Mkongwe anayehitaji kilo chache za mafuta kwa kazi yake ana njia fupi zaidi ya kuyapata kuliko kujenga mtambo Kizimbani.

KANUNI ZA ULAYA

Kwa wanaofikiria soko la Ulaya, kuna kanuni mbili zinazogusa moja kwa moja habari hii.

Ya kwanza inahusu kuvumwani. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku katika vipodozi vitu viwili vilivyomo katika kuvumwani, atranoli na kloroatranoli, kwa sababu vinawadhuru watu wenye ngozi nyepesi kudhurika. Bidhaa mpya zenye vitu hivyo hazikuruhusiwa kuingizwa sokoni tangu Agosti 2019, na zilizokuwa madukani zilitakiwa kuondoka ifikapo Agosti 2021. Hata kabla ya hapo watengenezaji walikuwa wameanza kubadili michanganyiko. Matokeo yake ni kwamba shipri ya zamani na ya sasa zenye jina moja huweza kunuka tofauti. Mwenye duka anayeagiza aina hii aulize chupa ni ya mwaka gani, maana mteja aliyezoea ya zamani ataidhania mpya kuwa ni bandia.

Ya pili inahusu karafuu yenyewe. Tangu mwaka 2005 eugenoli ni miongoni mwa vitu ambavyo Ulaya inataka viandikwe kwa jina kwenye kipodozi, ikiwa vimezidi asilimia 0.001 katika bidhaa inayobaki mwilini au asilimia 0.01 katika ile inayooshwa. Mwaka 2023 orodha ya vitu vya namna hiyo ilipanuliwa. Kwa hiyo sabuni ya karafuu inayopelekwa Hamburg au Milano bila maandishi hayo inaweza kurudishwa bandarini. Kazi ya kuandika ni ndogo. Hasara ya kutoandika ni shehena nzima.

PUA YA MJI MKONGWE

Hadi hapa habari inaonekana ya kukatisha tamaa. Lakini kuna upande ambao Zanzibar ina faida ambayo Paris haina, nao ni mteja wa nyumbani.

Harufu ya moshi, utomvu na mnyama, ambayo kwa mnunuzi wa Ulaya inahitaji ujasiri, kwa mwanamke wa Kizanzibari si ngeni. Udi huwekwa kwenye chetezo na nguo zikafukizwa. Miski, ambari na zabadi ni maneno ya Kiswahili tangu zamani. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, alieleza jinsi manukato yalivyokuwa sehemu ya maisha ya nyumba za kifalme za Unguja. Hata ngawa mdogo wa Asia anayeishi Unguja aliletwa na watu, na wataalamu wanahusisha kuletwa kwake na biashara ya zabadi.

Wenzao wa Oman wameliona hilo mapema. Nyumba ya manukato ya Amouage, iliyoanzishwa Oman mwaka 1983, imejenga jina lake kwa kuchukua ubani wa kwao pamoja na udi na kuviweka katika muundo wa Kifaransa. Memoir ya wanawake, iliyotolewa mwaka 2010, ina ngozi, kuvumwani, ubani na karafuu ndani yake. Oman haikusubiri kuuza utomvu kwa kilo. Iliuza chupa iliyokamilika.

Kwa muuzaji wa rejareja wa Darajani, hii ina maana kwamba shipri ya ngozi inaweza kupata mteja wake kuliko inavyodhaniwa, lakini lazima iuzwe kwa namna yake. Isipuliziwe kwenye karatasi na kuondolewa hapo hapo. Mteja atiwe mkononi, azunguke sokoni, arudi. Muuzaji aagize chupa mbili tatu, si katoni. Aziweke mbali na jua na dirisha, kwa sababu bergamoti huharibika mapema kwa joto na mwanga. Na kwa kuwa baadhi ya wateja hawataki manukato yenye spiriti, awe na mafuta mazito ya mwelekeo huo huo kando yake.

MTAJI MDOGO UENDE WAPI

Irudiwe hesabu ya kilo ile ile moja ya mafuta, yenye karafuu ya Sh 93,000. Ikitiwa katika sabuni kwa kiwango cha asilimia 1, inatosha kilo 100 za sabuni, yaani vipande 1,000 vya gramu 100. Kila kipande kimebeba karafuu ya Sh 93. Kikiuzwa Sh 3,000, karafuu ni asilimia 3 ya bei. Katika chupa ya Paris ilikuwa asilimia 0.006.

Lakini jambo kubwa si hiyo asilimia 3. Ni zile 97 zilizobaki. Katika chupa ya Paris zimebaki Paris. Katika sabuni, nazi ni za Unguja, mikono ni ya Unguja, kifungashio kinaweza kuwa cha ukindu wa Unguja, na mnunuzi mwenyewe anateremka uwanja wa ndege wa Kisauni. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Hesabu ni hiyo hiyo kwa udi wa kupika, ambao wanawake wengi wanaujua kwa mikono yao, na kwa mafuta ya kujipaka yenye langilangi, asumini na karafuu.

Anayeingia katika kazi hii azingatie mambo machache. Mafuta ya karafuu yasiwekwe katika chombo cha chuma kinachoshika kutu, maana yatabadilika rangi na kuwa meusi. Wala katika plastiki nyepesi, maana huila. Kioo cheusi au chuma kisichoshika kutu ndicho chombo chake. Yasipakwe mwilini bila kuchanganywa, kwa kuwa huunguza. Kila pishi liandikwe tarehe na vipimo, ili mteja anayerudi mwezi wa tatu apate kitu kile kile alichokinunua mwezi wa kwanza. Bidhaa za mikono hupoteza wateja kwa kubadilika-badilika kuliko kwa kuwa mbaya.

Anayetaka kujaribu harufu ya ngozi yenyewe hana haja ya lami ya bechi. Udi, ubani, karafuu kidogo sana na ganda la chungwa vinamfikisha karibu, kwa vitu ambavyo mteja wake anavijua kwa majina. Hiyo haitakuwa shipri ya Kifaransa, na haina lazima iwe.

Kwa ufupi, mwenye mtambo anayewauzia watengenezaji wa manukato anagombea Sh 15 na Madagascar na Indonesia. Mwenye sabuni, udi au chupa ndogo ya mafuta anagombea Sh 3,000 na jirani yake wa Gizenga. Ushindani wa pili nao ni mkali, lakini mshindani anaonekana, bei inajulikana siku hiyo hiyo, na mtaji ukipotea utakuwa umepotea mahali ambapo mwenyewe anaweza kuona kosa lake na kulirekebisha.